Jinsi kondo la nyuma linavyojichimbia katika mji wa mimba

SIKU ya 6 au ya 7 baada ya yai la mwanamke kurutubishwa, kitu kidogo kuliko punje ya mchanga hugusa ukuta wa mji wa mimba na kuanza kuuchimba. Mwanamke mwenyewe hana habari. Hedhi yake haijachelewa, kichefuchefu hakijaanza, na kipimo cha mkojo hakiwezi kumwambia lolote. Hata hivyo, yatakayotendeka mahali hapo katika miezi 4 au 5 ifuatayo ndiyo yatakayoamua, kwa kiasi kikubwa, iwapo mimba itafika mwisho salama au itayatia hatarini maisha ya mama na mtoto.

Kinachochimba si mtoto. Ni seli za kondo la nyuma, kiungo ambacho wengi hukikumbuka pale tu kinapotoka baada ya mtoto kuzaliwa, na ambacho katika jamii nyingi za Afrika Mashariki huzikwa kwa taratibu maalumu. Jina lake laweza kumpotosha msikilizaji. Kondo huja nyuma wakati wa kuzaliwa, lakini wakati wa kuumbwa ndilo linalotangulia. Seli zake hujitenga na kuanza kazi kabla mtoto hajawa na kichwa, moyo wala uti wa mgongo.

Wataalamu wa uzazi huiita kazi hiyo uvamizi, na neno hilo halikuchaguliwa ovyo. Seli hizi hupenya katika mwili wa mtu mwingine, huyeyusha vizuizi vilivyo njiani, huingia katika mishipa ya damu na kuibadilisha umbo. Seli za saratani hufanya vivyo hivyo. Tofauti ni kwamba seli za kondo zina pa kukomea, nao mji wa mimba una njia za kuzikomesha. Mpaka huo unapovukwa, au uvamizi unapokosa nguvu ya kuufikia, ndipo yanapozuka baadhi ya maradhi yanayowaua akina mama wengi duniani.

Kiinitete chajizika

Yai hurutubishwa ndani ya mrija wa falopio, ule unaotoka upande wa ovari hadi kwenye mji wa mimba. Hugawanyika mara mbili, nne, nane, huku likisukumwa taratibu kuelekea chini. Kufikia siku ya 5 huwa limekuwa mpira mdogo wenye uwazi ndani na seli 100 hivi au zaidi. Hapo seli zimekwisha kujigawa katika makundi mawili. Kundi dogo lililojikusanya upande mmoja kwa ndani ndilo litakalokuwa mtoto. Zile za nje, zinazouzunguka mpira wote kama ganda, huitwa trofoblasti, nazo hazitakuwa kamwe sehemu ya mwili wa mtoto. Kazi yao ni kondo.

Mpira huo unapougusa ukuta wa mji wa mimba, seli za ganda zilizo upande wa mguso huanza kuungana. Kuta zinazozitenganisha hutoweka, na zilizokuwa seli nyingi huwa donge moja lenye viini vingi. Donge hilo hujipenyeza katikati ya seli za utando wa mama, likiyeyusha kilicho mbele yake. Kufikia siku ya 10 hadi ya 12 kiinitete huwa kimezama kabisa ukutani, na tundu kilimoingilia limezibwa.

Jinsi seli hizo zinavyoungana ni kisa cha pekee. Mwaka 2000 watafiti nchini Marekani walitangaza kwamba protini inayoziunganisha, iitwayo sinsitini, hutokana na jeni ambayo asili yake ni kirusi. Kirusi hicho, cha ukoo mpana ambamo HIV pia imo, kiliwaambukiza mababu wa binadamu na sokwe zaidi ya miaka milioni 20 iliyopita, kikaacha jeni zake katika urithi wao. Silaha ambayo kirusi kilitumia kuungana na seli kilizozishambulia sasa ndiyo inayoziunganisha seli za kondo. Bila maambukizi hayo ya kale, huenda kondo la binadamu lingekuwa la namna nyingine kabisa.

Donge hilo hilo ndilo linalotoa homoni ya hCG, ambayo huingia katika damu ya mama na kuiagiza ovari iendelee kutoa projesteroni ili hedhi isije. Kipimo cha mimba kinachouzwa katika maduka ya dawa hutafuta homoni hiyo. Kwa hivyo, mwanamke anapoiona mistari miwili, uvamizi umekuwa ukiendelea kwa muda wa wiki moja au zaidi.

Ngome inayojengwa kila mwezi

Si wanyama wote wanaobeba mimba kwa namna hii. Mfugaji aliyewahi kumsaidia ng'ombe kuzaa analijua kondo lililoshikamana na mji wa mimba kwa vifundo vingi, mithili ya vifungo vya shati. Kondo la ng'ombe, mbuzi na kondoo hukaa juu ya utando bila kuchimba ndani, na linapotoka damu huwa kidogo. La nguruwe hugusana tu na utando. Binadamu yuko upande wa pili kabisa, pamoja na sokwe na gorila. Hata nyani, wale wanaoonekana wakisubiri makombo kando ya barabara zetu, hubeba mimba ambayo seli zake hazichimbi kwa kina kama hicho.

Mwili wa mwanamke nao umejiandaa kwa namna isiyo ya kawaida. Kila mwezi, kabla ya kujua kama kuna kiinitete chochote, utando wa mji wa mimba hubadilika. Seli zake hunenepa na kujaa akiba ya chakula, tezi zake hupanuka, na seli za kinga za aina maalumu hukusanyika. Utando uliokwisha kubadilika hivyo huitwa desidua. Mimba isipotunga, desidua hubomoka na kutoka, na hiyo ndiyo hedhi. Wanyama wengi hawapati hedhi kwa sababu utando wao husubiri ishara ya kiinitete kabla ya kubadilika.

Desidua ni lishe na ni ngome kwa wakati mmoja. Ithibati ya kazi yake kama ngome ni mimba inayotunga ndani ya mrija wa falopio. Humo hamna desidua ya kutosha kuzizuia seli za kondo, nazo huchimba hadi mrija hupasuka. Mama asipofanyiwa upasuaji wa haraka huweza kufa kwa damu inayovujia tumboni, wakati mwingine hata kabla hajatambua kwamba ni mjamzito.

Ateri zageuzwa mifereji

Baada ya kiinitete kujizika, uvamizi huingia awamu ya pili, ambayo ndiyo nzito zaidi. Kutoka katika kondo changa huchipuka vijidole vinavyojishikiza ukutani kama mizizi. Kwenye ncha zake, seli za trofoblasti hujipanga kama nguzo, kisha baadhi yake huachana na nguzo na kuhamia ndani ya desidua, moja moja. Seli hizo zinazohama hutoa vimeng'enya vinavyokata nyuzi za protini zinazoushikilia ukuta. Desidua nayo hujibu kwa kutoa kemikali zinazovizima vimeng'enya hivyo. Katika mimba ya kawaida, seli hupita unene wote wa desidua na kuingia theluthi ya ndani ya misuli ya mji wa mimba. Huko nyingi huungana, zikawa seli kubwa zisizoweza kusonga tena.

Lengo la safari yote hiyo ni mishipa ya damu. Mwaka 1774 daktari Mskoti William Hunter, aliyekuwa akifanya kazi London, alichapisha kitabu kikubwa cha michoro ya mji wa mimba wa wanawake waliokufa wakiwa wajawazito. Miongoni mwa aliyoyaonyesha ni ateri zilizojisokota zikielekea kwenye kondo. Yeye na nduguye John ndio pia walioeleza kwamba damu ya mama na ya mtoto hazichanganyiki, bali kila moja hupita njia yake. Ateri hizo, ambazo leo huitwa ateri za msokoto, ni nyembamba katika mwanamke asiye na mimba, na zimezungukwa na misuli inayoweza kuzibana.

Jambo la kwanza ambalo seli za kondo hufanya zikifika kwenye ateri hizo ni kinyume cha matarajio: huziziba. Kwa sehemu kubwa ya wiki 10 za mwanzo, seli zilizorundikana katika midomo ya ateri huwa kama vizibo, na damu ya mama inayolifikia kondo huwa haba sana. Kiinitete hulishwa kwa majimaji yanayotolewa na tezi za desidua, yenye sukari, mafuta na protini. Kinaishi katika oksijeni kidogo, na wanasayansi wanaamini kuwa hali hiyo hukilinda wakati viungo vyake vinapoumbwa. Kati ya wiki ya 10 na ya 12 vizibo hulegea, damu hupita, na kiwango cha oksijeni ndani ya kondo hupanda takriban mara 3. Katika nyingi za mimba zinazoharibika mapema, vizibo huonekana kuwa hafifu na damu huingia kwa fujo kabla ya wakati wake.

Wakati huo huo, kuta za ateri hubomolewa na kujengwa upya. Misuli yake na nyuzi zinazonyumbuka hutoweka, na seli za kondo hujipachika mahali pake. Mdomo wa ateri hupanuka mara 5 hadi 10. Anayenyunyizia shamba maji kwa mpira atalielewa jambo hili bila taabu. Akiubana mdomo wa mpira kwa kidole, maji huruka kwa kasi na kuichimbua miche. Akiyaacha yatiririke mferejini, huifikia kila miche kwa upole. Ateri isiyopanuliwa huweza kurusha damu kwa kasi ya mita 1 hadi 2 kwa sekunde. Iliyopanuliwa huilegeza hadi sentimita 10 hivi kwa sekunde, na vijidole laini vya kondo huogelea ndani ya damu hiyo bila kudhurika. Mimba inapokaribia mwisho, zaidi ya nusu lita ya damu hupita hapo kila dakika.

Matokeo yake ni kwamba mama hana tena uwezo wa kuibana mishipa hiyo. Awe ameshtuka, awe na njaa, awe amechoka, mdomo wa ateri hubaki wazi kwa ajili ya mtoto. Mwaka 1993 mtaalamu wa mageuko ya viumbe, David Haig, alitoa hoja kwamba mimba si mapatano matupu, bali pia ni mvutano. Jeni ambazo mtoto amezipata kwa baba hunufaika kondo linapovuta lishe nyingi iwezekanavyo, ilhali mwili wa mama una maslahi ya kujiwekea akiba, kwa ajili ya afya yake na ya watoto watakaofuata.

Si wote waliokubaliana na Haig kwa kila jambo, lakini mimba zabibu humpa ushahidi wa kutosha. Mwaka 1977 Wajapani Tadashi Kajii na Koso Ohama walionyesha kwamba mimba zabibu iliyo kamili hubeba jeni za baba pekee. Za mama hazimo. Katika mimba hiyo hapaumbiki mtoto. Kinachokua ni kondo tu, vijidole vyake vikivimba kama shada la zabibu. Mara chache mabaki yake hugeuka saratani, ambayo kwa bahati njema ilikuwa miongoni mwa saratani za mwanzo kabisa kupona kwa dawa peke yake, pale dawa ya methotrexate ilipoanza kutumiwa kuitibu nchini Marekani mwaka 1956.

Yalivyojulikana

Uvamizi huu ni mgumu kuuchunguza. Hutokea ndani ya mwanamke aliye hai, katika siku ambazo yeye mwenyewe hajui. Picha nyingi za siku hizo zilizomo katika vitabu vya udaktari hadi leo zinatokana na kazi ya madaktari wawili wa Boston, Arthur Hertig na John Rock, wakisaidiwa na Miriam Menkin. Kuanzia mwaka 1938, kwa miaka 15 hivi, waliwaomba wanawake waliokuwa wamepangiwa kuondolewa mji wa mimba kwa sababu za kiafya waandike tarehe walizokutana na waume zao kabla ya upasuaji. Katika wanawake 210, Hertig alipata viinitete 34 vya siku za mwanzo kabisa. Utafiti wa namna hiyo usingeruhusiwa leo. Wanawake hao hawatajwi kwa majina popote vitabuni, ingawa elimu yote iliyofuata imesimama juu ya miili yao.

Hatua kubwa ya pili ilikuja mwaka 1967. Daktari Mbelgiji Ivo Brosens, pamoja na wenzake Robertson na Dixon, alieleza kwa kinagaubaga jinsi ateri za msokoto zinavyobadilishwa katika mimba ya kawaida. Miaka 5 baadaye walionyesha upande wa pili wa sarafu. Katika wanawake waliougua shinikizo la damu la mimba, ateri zilizo ndani ya misuli zilikuwa hazijaguswa. Zilibaki nyembamba, na misuli yake iko pale pale.

Siku hizi maabara zina njia nyingine. Mwaka 2018 watafiti wa Cambridge, Uingereza, walifaulu kukuza vipande vidogo vya kondo kutokana na seli za trofoblasti, na vipande hivyo vilitoa homoni za mimba kana kwamba vimo tumboni. Mwaka huo huo ilichapishwa ramani ya seli 70,000 hivi kutoka miezi 3 ya mwanzo ya mimba, ikionyesha ni seli ipi ya mama inayozungumza na seli ipi ya mtoto, na kwa kemikali gani.

Wauaji wasioua

Mazungumzo hayo ndiyo yaliyowasumbua wanasayansi tangu mwaka 1953, Peter Medawar wa Uingereza alipouliza swali lililo wazi: mtoto ana nusu ya jeni za baba, kwa hivyo kwa kinga ya mama ni mgeni. Mbona hafukuzwi, kama figo la mtu mwingine linavyofukuzwa?

Jibu limekuja kwa vipande vipande, na sehemu yake muhimu imo katika zile seli za kinga zinazokusanyika ndani ya desidua. Seli hizo, ambazo ni takriban asilimia 70 ya seli zote za kinga zilizomo humo mwanzoni mwa mimba, ni za jamii iitwayo wauaji wa asili, kwa kuwa jamaa zao walio katika damu huua seli zilizoshambuliwa na virusi. Ndani ya mji wa mimba haziui. Huzipapasa seli za kondo, huzitambua, kisha huziachilia kemikali za kuzisaidia kusonga mbele na kuzibadilisha ateri.

Kinachopapaswa ni protini iitwayo HLA-C, ambayo mtoto hupata aina moja kwa mama na nyingine kwa baba. Zipo za kundi C1 na za kundi C2. Seli za mama nazo zina vipokezi vyake, ambavyo hutofautiana baina ya mwanamke na mwanamke. Mwaka 2004 kundi la Ashley Moffett wa Cambridge lilionyesha kwamba mama akiwa na vipokezi vya aina moja tu, ile ya kuzituliza seli, na mtoto akawa amerithi C2, seli za mama hutulizwa kupita kiasi. Zikitulia hivyo hazilisaidii kondo, uvamizi huwa wa juu juu, na hatari ya shinikizo la damu huongezeka.

Swali lililobaki lilikuwa kama hayo yanawahusu Waafrika. Daktari Annettee Nakimuli wa Chuo Kikuu cha Makerere, akishirikiana na Moffett, aliwachunguza mamia ya wanawake waliojifungulia Hospitali ya Mulago jijini Kampala. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015. Mchanganyiko ulio hatari Uingereza ulionekana kuwa hatari Uganda pia. Hata hivyo, jeni zinazowakinga wanawake wa Uganda hazikuwa zile zinazowakinga Wazungu. Waafrika wana zao, ambazo kwa Wazungu hazimo. Ikumbukwe kwamba C2 ni ya kawaida zaidi miongoni mwa watu wa kusini mwa Sahara. Dawa au kipimo kitakachobuniwa kwa kuangalia damu ya Wazungu peke yao huenda kisimfae mama wa Kampala au Kisumu.

Matokeo hayo yanagusa jambo lililo nyeti vijijini na hata mijini. Mke anayepatwa na kifafa cha mimba hulaumiwa kwa alichokula, kwa kazi alizofanya, kwa maneno aliyomjibu mama mkwe, au husemekana amerogwa. Kina cha uvamizi hutokana na mkutano wa jeni tatu: za mama, za baba na za mtoto. Hakuna hata mmoja wao aliyezichagua.

Kina kinapopungua

Uvamizi ukiwa wa juu juu, ateri hubaki nyembamba na damu huingia kwa kasi na kwa vipindi. Kondo hudhurika na kukosa oksijeni. Mtoto huweza kudumaa tumboni. Aidha, mwaka 2003 kundi la Ananth Karumanchi huko Boston lilieleza kwamba kondo lenye dhiki humwaga katika damu ya mama protini inayoharibu utando wa ndani wa mishipa yake, katika figo, ini na ubongo. Ndiyo prieklampsia, maradhi yanayopata kati ya mimba 2 na 8 katika kila 100.

Dalili huanza baada ya wiki ya 20: shinikizo la damu la 140 kwa 90 au zaidi, protini katika mkojo, na hali ikizidi, maumivu makali ya kichwa, ukungu machoni na maumivu chini ya mbavu. Mama akianza kutukutika na kupoteza fahamu, huwa imefikia kifafa chenyewe. Yafaa isemwe kwamba si kila prieklampsia inatokana na uvamizi hafifu; ile inayokuja karibu na siku za kujifungua mara nyingi ina chanzo kingine. Ile ya mapema, iliyo kali zaidi, ndiyo yenye uhusiano wa karibu na ateri zilizokosa kubadilishwa.

Tiba ya kuyamaliza maradhi ni moja tu, kulitoa kondo, hata kama mtoto hajakomaa. Magnesiamu salfeti, dawa ya bei nafuu, hupunguza uwezekano wa kifafa kwa zaidi ya nusu, kama ulivyothibitisha utafiti wa kimataifa wa Magpie mwaka 2002. Kuhusu kuzuia, utafiti uliofanywa Ulaya na Israel na kuchapishwa mwaka 2017 ulionyesha kuwa aspirini ya miligramu 150 kila siku, ikianzwa kati ya wiki ya 11 na ya 14, ilipunguza prieklampsia inayomlazimu mama kujifungua kabla ya wiki ya 37 kwa asilimia 62. Shirika la Afya Duniani (WHO) hupendekeza miligramu 75 kabla ya wiki ya 20 kwa walio katika hatari kubwa, wakiwemo waliowahi kuyaugua, wenye kisukari, wenye maradhi ya figo na wenye mimba ya pacha. Hii si dawa ya kujinunulia dukani bila ushauri wa daktari.

Tarehe hizo zina maana yake. Ateri hubadilishwa hadi karibu wiki ya 20. Anayefika kliniki kwa mara ya kwanza akiwa na mimba ya miezi 6 hukuta kazi hiyo imekwisha, vyema au vibaya. Tangu mwaka 2016 WHO imekuwa ikishauri mjamzito aonwe mara 8, na mara ya kwanza iwe kabla ya wiki ya 12 kupita.

Kina kinapozidi

Tatizo la pili limeongezeka pamoja na upasuaji wa kujifungua. Kovu la upasuaji halioti desidua ya kawaida. Kiinitete kikijizika juu ya kovu, seli za kondo hazikuti ngome. Hupita hadi ndani ya misuli, na mara nyingine huutoboa mji wa mimba na kukishika kibofu. Kondo la namna hiyo haliachii baada ya mtoto kuzaliwa. Anayejaribu kulivuta kwa nguvu hufungua mishipa isiyozibika, na mara nyingi madaktari hulazimika kuuondoa mji wa mimba ili kumwokoa mama.

Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2006 uliwaangalia wanawake ambao kondo lao lilikuwa limekaa chini, juu ya njia ya uzazi. Waliokuwa wakipasuliwa kwa mara ya kwanza, asilimia 3 walikuwa na kondo lililong'ang'ania. Kwa upasuaji wa pili ilikuwa asilimia 11, wa tatu 40, na wa nne 61. Upasuaji huokoa maisha ya wengi na hakuna anayepaswa kuuogopa pale unapohitajika. Lakini mwenye kovu anapopata mimba nyingine, picha ya ultrasaundi inayoonyesha kondo limekaa wapi ni ya lazima, ili ajifungulie mahali penye damu ya akiba na wapasuaji wenye ujuzi.

Hata kondo lililojichimbia sawasawa huacha deni. Linapobanduka, ateri za msokoto hubaki wazi, na kwa kuwa misuli yake ilibomolewa miezi mingi iliyopita, haziwezi kujifunga zenyewe. Kinachozifunga ni mji wa mimba unaojikunyata na kuzibana katikati ya nyuzi zake. Ndiyo sababu mkunga humdunga mama sindano ya oksitosini mara mtoto anapozaliwa, hukagua kama kondo limetoka zima, na kulipapasa tumbo kuona kama limekaza. Mji wa mimba usipokaza, mama huvuja damu, na hakuna kinachowaua wazazi wengi zaidi duniani kuliko kuvuja huko.

Mwaka 2023 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini. Wakunga walipewa karatasi ya plastiki yenye mfuko uliotiwa alama za vipimo, ya kutandikwa chini ya mama ili damu ipimwe badala ya kukisiwa kwa macho, na wakafunzwa kutoa matibabu yote kwa pamoja mara alama inapofikiwa. Kuvuja damu kwa kiwango cha hatari, pamoja na upasuaji na vifo vinavyotokana nako, kulipungua kwa asilimia 60. Alama ya juu kwenye mfuko huo ni mililita 500, kiasi ambacho ateri zilizofunguliwa na seli za kondo hupitisha kwa muda usiozidi dakika moja.